Karafuu hakunywa maji: tulivyojifunza kumlea farasi wa mbio

Ilikuwa saa 5 asubuhi, jua limeshapanda, na mimi nimesimama na ndoo mbele ya farasi asiyetaka kunywa. Ndoo ya kwanza alinusa akageuza uso. Ya pili alilowanisha midomo tu. Binti yangu, uso umejaa vumbi na jasho, kashika hatamu na macho yake hayabanduki kwenye koo la yule farasi, anangoja aone maji yanapita. Hayakupita.

Tulikuwa tumeshamaliza kilomita 60 katika mbio za kilomita 80. Zimebaki 20 tu. Tuko nafasi ya sita, na mimi kwa pupa yangu nimeshaliandika hilo kwenye grupu la familia. Watu wa Maskati, Dubai, London na Unguja wanatuma dua na vidole gumba. Ami yangu mmoja keshauliza kama kuna kombe.

Nitarudi kwenye ndoo hiyo. Kwanza nieleze tulifikaje pale, kwa sababu siku hizi hazipiti wiki mbili bila mzazi mwenzangu kunipigia simu: "Mtoto wangu kaingiwa na wazimu wa farasi, anataka tumnunulie. Unasemaje?" Nasema haya ninayoyaandika hapa.

Sisi tulimjua punda

Sisi tuliozaliwa Unguja farasi hatukumjua. Tuliyemjua ni punda. Babu yangu alikuwa na punda mweupe mrefu, wale wanaoitwa punda wa Maskati, akimpanda kwenda shamba na kurudi. Farasi hakushamiri kwetu Afrika Mashariki, na sababu si uvivu wa watu. Bara kuna mbung'o, na kuna maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi, ambayo akiyapata farasi mara nyingi haponi. Punda anayastahimili vizuri zaidi. Ndiyo maana methali zetu zote ni za punda, na iliyokuwa ikisemwa sana nyumbani kwetu ni ile ya punda afe lakini mzigo wa bwana ufike.

Tuliporudi Oman baada ya mwaka 1970, mimi nikiwa mtoto wa skuli, ndipo nilipomuona farasi kwa karibu. Hapa farasi ni jambo jengine. Kuna ardha, wapanda farasi wanakwenda wawili wawili mbio, bega kwa bega, mpaka wengine wanasimama juu ya tandiko huku wameshikana. UNESCO iliiingiza ardha ya farasi na ngamia ya Oman katika orodha yake ya turathi mwaka 2018. Kuna mchezo wa kung'oa vigingi kwa mkuki, kuna kuruka viunzi, na kuna mbio za masafa marefu, ambazo kwa Kiarabu tunaziita qudra. Binti yangu alianza na masomo ya kupanda akiwa na miaka 14, akaishia kuipenda qudra. Alipofika miaka 16 alianza kuniomba farasi wake mwenyewe, na hakuchoka kuomba.

Nikamnunulia. Farasi jike wa Kiarabu, miaka 6, kilo 400 na kidogo, rangi yake kama karafuu iliyokauka vizuri kwenye jamvi. Bibi yake alipomuona tu akasema, "Huyu Karafuu." Jina likaganda.

Jambo moja tulilifanya sawa siku ile: hatukulipa mpaka daktari wa wanyama, tuliyemleta wenyewe, asiyemjua muuzaji, alipompima moyo, mapafu, macho, meno na miguu yote minne. Mengine karibu yote tuliyafanya kombo.

Tumbo lake si kama letu

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilidhani farasi wa mbio anataka nguvu, na nguvu ni shayiri. Kwa hiyo nilikuwa namwambia saisi wetu, mzee wa Kisudani mwenye subira nyingi, amzidishie shayiri kila siku, mpaka Ijumaa, siku ambayo Karafuu alikuwa hafanyi kazi. Yule mzee akitikisa kichwa: "Kula bila kazi si vizuri." Mimi nikiona ubahili.

Jumamosi moja alfajiri binti yangu kamtoa, hawajafika hata kilomita mbili, farasi kasimama. Jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, mapaja yamekakamaa kama ubao, hatua moja haendi. Mimi nikasema avutwe arudi bandani. Saisi kanikamata mkono: "Asitembezwe!" Daktari alipofika alitwambia misuli imejifunga, na kila hatua ingemzidishia madhara. Jioni mkojo wake ukatoka rangi ya kahawa, kwa kuwa misuli ikiumia inatoa vitu vinavyokwenda kuzisumbua figo. Alipona kwa maji ya mshipani na mapumziko ya wiki kadhaa. Zamani Ulaya farasi wa mikokoteni walipatwa sana na maradhi haya siku ya Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili huku wakila posho kamili. Mimi niliyaleta Barka siku ya Jumamosi.

Toka siku hiyo kanuni ni moja: siku ya kupumzika, nafaka hupunguzwa hadi kidogo sana au kuondolewa kabisa, na majani hubaki pale pale. Chakula cha farasi ni majani. Katika siku anataka majani makavu ya karibu asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, maana yake kilo 6 mpaka 8 kwa farasi kama Karafuu, na ayale kidogo kidogo mchana na usiku. Tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili, na hana uwezo wa kutapika. Kinachoingia lazima kipite chote njia nzima. Ukimjaza nafaka kwa mkupuo, hana pa kuirudishia.

Kosa la pili ni mchanga. Batina yote ni mchanga, na sisi tulikuwa tunamtupia gat yake chini. Farasi anaokota jani na mchanga pamoja, na mchanga hukaa chini ya utumbo kama zege. Alipoanza kujitazama ubavu na kukwaruza chini kwa mguu wa mbele, daktari alichukua vibonge kadhaa vya kinyesi, akavitia ndani ya chupa ya maji, akatikisa, akaiacha. Baada ya robo saa chini ya chupa pamekaa mchanga wa unene wa kidole. Nilishtuka, wallahi. Siku hizi analia kwenye hori lililowekewa mkeka wa mpira chini, na kila mwezi anapewa isabgol kwa siku chache mfululizo kama daktari alivyopanga. Ndiyo, isabgol ile ile wanayokunywa wazee wetu kwa choo kigumu. Jaribio la chupa tunalifanya wenyewe, halina gharama.

Joto na maji

Watu wengi wanaonipigia simu wanauliza kuhusu mwendo na tandiko. Mimi nawauliza: umejiandaaje na joto?

Farasi anapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu anayoichoma inageuka joto, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Katika kazi ngumu anaweza kutoka jasho lita 10 mpaka 15 kwa saa moja. Lakini jasho linapoza likikauka, na pwani yetu wakati wa kiangazi hewa imeshiba maji, jasho linamdondoka tu bila kumsaidia. Kwa hiyo kuanzia Mei mpaka Septemba Karafuu hutoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi kabla jua halijakaa sawa. Siku nyengine hatoki kabisa. Mbio za qudra zenyewe huku kwetu ni mambo ya miezi ya baridi.

Hapa palikuwa na ubishi mkubwa baina ya binti yangu na saisi. Mzee alilelewa akiambiwa kwamba farasi aliyetoka mbio hamwagiwi maji ya baridi, misuli itamkaza, na hapewi maji ya kunywa mpaka apoe. Wengi wetu tumelisikia hilo. Kumbe watafiti walilichunguza sana jambo hili kabla ya michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kwa kuwa waliogopa joto la kule, na wakaona maji ya baridi mengi, yanayomwagwa mfululizo mwili mzima, ndiyo dawa ya haraka kuliko zote na hayamdhuru. Kunywa nako, aachwe anywe. Binti yangu hakumbishia mzee kwa maneno. Alimwita, akampa kipima joto, akamwambia, "Ami, wewe pima, mimi nimwage." Mzee kapima mara tatu. Siku ya pili ndoo kazijaza yeye mwenyewe.

Na kuna jambo moja laiti ningelijua mapema. Sisi watu tukitoka jasho, linatoka maji mengi kuliko chumvi, damu inazidi uchumvi, tunasikia kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi sana. Anapoteza maji na chumvi pamoja, damu yake haizidi uchumvi, na ubongo haupati khabari kwamba maji yamepungua. Farasi anaweza kuwa amepoteza ndoo mbili tatu za maji na asisikie kiu hata kidogo. Kwa hiyo msemo kwamba mnyama akitaka maji atakunywa mwenyewe, kwa farasi wa masafa marefu si wa kuutegemea.

Mapafu huwahi, miguu huchelewa

Mazoezi yenyewe, ukiyatazama, yanachosha. Mtu akija shambani akitaka kuona mbio za shoti hurudi kwake amenuna. Miezi mitatu ya mwanzo baada ya Karafuu kupona ilikuwa hatua na telki tu, hatua na telki, kilomita 5, kilomita 8, kilomita 12, siku nne kwa wiki. Moyo na misuli ya farasi hupata nguvu katika wiki chache. Kano zinataka miezi. Mifupa inataka hata mwaka na zaidi. Hapo ndipo farasi wengi wanapoharibika: mwenye farasi anamuona hahemi, anadhani yuko tayari, kumbe miguu bado iko nyuma. Ukiongeza, ongeza jambo moja kwa wakati, ama umbali ama mwendo, usiongeze vyote viwili wiki moja.

Kila asubuhi kabla ya kitu chochote, binti yangu anapitisha mkono kwenye miguu minne, kutoka goti kushuka chini, akitafuta joto au uvimbe. Dakika tatu tu. Mara mbili mkono ule umetuambia tusitoke, na mara zote mbili ulikuwa wa kweli. Kwato zinasafishwa kila siku, na fundi wa kwato anakuja kila baada ya wiki 5 au 6, awe amekanyaga sana au hakukanyaga. Meno yanatazamwa mara moja kwa mwaka, kwa kuwa meno ya farasi hayaachi kuota, yakiwa na ncha kali yanamkata mashavu na lijamu linakuwa adhabu.

Na kuna daftari. Mapigo ya moyo akiwa ametulia bandani, baina ya 28 na 44 kwa dakika kwa farasi mkubwa, Karafuu ni 34. Joto la mwili, karibu nyuzi 37.5 mpaka 38.3. Amekunywa ndoo ngapi. Amekula kiasi gani. Mwanzoni niliona ni mambo ya kitoto yale madaftari. Leo nikiulizwa kitu cha kwanza cha kununua, nasema daftari, na kipimo cha kusikilizia moyo.

Siku yenyewe

Qudra si mbio za kufika kwanza tu. Njia imekatwa vipande, na baina ya kipande na kipande farasi anaingia kwa madaktari. Saa inahesabu mpaka moyo wake ushuke, kwa kawaida hadi 64 kwa dakika au chini yake, ndani ya muda uliowekwa. Usiposhuka, umetoka. Halafu anakimbizwa telki kwenye njia iliyonyooka huku daktari akitazama kama anachechemea. Ufizi unabonyezwa kuona damu inarudi baada ya muda gani, ngozi inavutwa kuona kama maji yamepungua, na daktari anasikiliza tumbo pande zote mbili. Kila kitu kinaandikwa alama kwenye kadi: A, B, C. Masharti hayo hayakuja bure. Mchezo huu umeshaua farasi, na mwaka 2015 shirikisho la farasi la dunia, FEI, lililisimamisha shirikisho la Imarati kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mambo ya usalama wa farasi. Jirani zetu wale ni mabingwa wa mchezo huu, na bado lilitokea.

Kipande cha kwanza, kilomita 30, Karafuu alirudi na moyo 58, kanywa vizuri, A kila mahali. Cha pili, kilomita 30 nyengine, upepo umekufa na jua linachoma kuliko tulivyotarajia. Alipoingia moyo ulikuwa 70. Tukammwagia maji, tukammwagia, ukashuka 66, 64, 61. Tukampeleka. Telki yake safi. Ufizi B. Tumbo C upande wa kulia.

Daktari kasema, "Amepita. Lakini kabla ya kutoka mniletee tena nimsikilize." Tuna dakika 40 za kupumzika.

Hapo sasa ndipo ndoo zile. Ya kwanza akakataa, ya pili akakataa. Gat mbichi iliyolowekwa majini, akatafuna fungu moja akaacha. Saisi katazama chini. Binti yangu kaweka sikio lake ubavuni mwa Karafuu akafumba macho. Farasi mzima tumboni mwake kuna ngurumo saa zote. Anapokimbia sana damu inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi, utumbo unabaki na kidogo, na ngurumo zinanyamaza. Kama maji pia yamepungua, utumbo unaweza kusimama kabisa.

"Baba," kaniambia, "tusiendelee."

Nitasema ukweli, kwa sababu makala hii haina faida nikijipamba. Sikukubali. Nilimwambia, "Mwanangu, daktari kampitisha. Zimebaki kilomita 20, tena kipande chepesi. Kwenda taratibu tu." Nilikuwa nimeshahesabu gharama za mwaka mzima kichwani. Nilikuwa nikifikiria lile grupu. Mama yake alikuwa kaja kutoka Maskati na sufuria la biriani, bibi yake kakaa kwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi, watoto wa dada yangu wamevaa fulana zenye picha ya Karafuu. Nitawaambia nini?

Kanijibu kwa sauti ya chini kabisa, hakunikosea adabu: "Daktari kamuona dakika mbili, Baba. Mimi niko naye miaka mitatu. Hajawahi kukataa maji."

Nikasema, "Basi tungoje, akipita mara ya pili tutoke." Alinyamaza. Nikajua nimemshinda kwa kuwa mimi ni baba yake, si kwa kuwa nina haki.

Ni mama yangu aliyesema, kutoka kwenye kiti chake, bila hata kugeuza kichwa: "We, hujampanda wewe. Aliyempanda ndiye ajuaye." Akamimina chai. Halafu kama anayezungumza peke yake: "Hapa hatukuleta punda, wala mzigo hatuna."

Sikuwa na la kujibu. Mzigo kweli hatukuwa nao. Hakuna mtu aliyekuwa akingoja kitu tulichobeba. Ilikuwa heshima yangu mimi tu mbele ya watu wa kwenye simu.

Nikakwenda na binti yangu mpaka kwa daktari. Akamwambia kwamba tunajitoa kwa hiari, akaomba Karafuu atibiwe. Daktari hakuuliza kwa nini. Kasikiliza tumbo, upande wa kulia kimya, wa kushoto kidogo. Kasema, "Mpelekeni kwenye hema la matibabu sasa hivi."

Jioni

Alitiwa maji ya mshipani, chupa kubwa za lita tano tano, moja baada ya nyengine. Binti yangu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono kwenye shavu la farasi. Nilimuuliza daktari kama angetokezewa na jambo angeendelea. Alinijibu kwamba hilo hakuna mtu anayeweza kuapa. Kuna farasi angeendelea akafika salama. Kuna farasi angefika, akaanza kujigaragaza saa tatu usiku, akafa kabla ya alfajiri. "Tumbo lililonyamaza," kasema, "usilitie kilomita 20 nyengine."

Nilimuuliza pia kuhusu ile dawa ya chumvi tuliyompa asubuhi. Kumbe hapo napo tulikosea. Chumvi tuliyompa mdomoni ilikuwa ya moto moto, bila ya maji ya kutosha juu yake. Chumvi inampa farasi kiu, ni kweli, lakini akiwa tayari amekauka na hanywi, inavuta maji kutoka mwilini kuyapeleka tumboni, inamkausha zaidi. Chumvi ni ya farasi anayekunywa. Lile nalo likaingia kwenye daftari.

Baada ya alasiri tulisikia mngurumo wa kwanza. Saisi ndiye aliyeusikia, akainua kidole. Magharibi ilipoingia, Karafuu aliishusha shingo kwenye ndoo yangu ile ile, akanywa. Ukisimama karibu unasikia kila funda linavyoshuka. Nilihesabu mpaka 23 nikashindwa kuendelea.

Kwenye grupu niliandika: "Tumejitoa. Farasi salama." Ami yangu akajibu, "Pole sana, mwakani inshallah." Hakuna aliyesema tumefanya vizuri. Hivyo ndivyo ilivyo, wasomaji wenzangu. Aliyejitoa hapigwi picha.

Tulichobadilisha

Msimu uliofuata tulianza upya. Tulimfundisha Karafuu kunywa kama tulivyomfundisha kukimbia. Katika kila zoezi tunasimama mahali penye maji, na anangojewa mpaka aguse. Tulimzoesha ndoo za rangi mbalimbali na maji ya mahali pengine, kwa kutia konzi ya pumba ayapende, kwa kuwa farasi wengine wanagoma kwa sababu tu maji yana harufu ngeni. Siku ya mbio tunabeba maji ya nyumbani. Chumvi inachanganywa na chakula kilicholowa, siku moja kabla na asubuhi, na haipewi farasi asiyekunywa. Na kabla ya kuondoka nyumbani tunakubaliana mbele ya wote kwamba anayepanda ndiye mwenye neno la mwisho la kusimamisha. Si baba, si saisi, si grupu.

Alikwenda mbio mbili za kilomita 40 taratibu, halafu mwezi wa pili akarudi kwenye zile 80. Alimaliza wa kumi na nane. Moyo 56 kwenye mstari wa mwisho wa madaktari, tumbo A pande zote mbili. Kule California, ambako mbio za Tevis za maili 100 zilianza mwaka 1955, kumaliza na farasi mzima kunahesabiwa ushindi. Nilikuwa nikiona ni maneno ya kuwapoza walioshindwa. Siku ile ya wa kumi na nane nilipiga picha nyingi kuliko nilizopiga kwenye harusi ya dada yake.

Kwa hiyo kwa mzazi atakayenipigia simu: bei ya kumnunua farasi ni ndogo kuliko bei ya kumuweka. Tafuta kwanza saisi anayejua na umsikilize. Mtafute daktari kabla hujamhitaji, uweke namba yake mahali watu wote wanaiona. Mwache mtoto afanye kazi za banda mwaka mzima kwenye farasi wa watu wengine, asafishe kinyesi, aamke alfajiri. Akibaki na hamu baada ya hapo, ndipo mzungumze.

Binti yangu sasa yuko chuo, mwaka wa kwanza, na Karafuu ana miaka 10. Siku za wiki ni mimi ninayepitisha mkono miguuni na kuandika daftari, na jioni namtumia picha ya ukurasa. Hajibu kitu kama mambo sawa. Jana niliandika ndoo tatu badala ya nne, kwa haraka zangu tu. Hazikupita dakika mbili simu ikalia: "Baba, ile ya nne iko wapi?"

Nikatoka na tochi kwenda bandani. Ndoo ilikuwa tupu, kaimaliza. Nikaandika nne.